Racheti ndogo: pima kimo kabla ya kuhesabu meno

Ukiulizia racheti ndogo, ile zana ya skrubu ambayo mpini wake unakaza ukienda na kurudi bure ukirudi, kwenye maduka ya vifaa pale Darajani au Mlandege, mjini Zanzibar, neno la kwanza utakalolisikia ni meno, yale ya gurudumu lililo ndani ya kichwa chake. "Chukua hii fundi, ina meno 72." Muuzaji hasemi uongo, meno yana kazi yake. Lakini kwa shughuli zetu za humu visiwani, AC zilizobanwa pembeni kwenye nyumba za Mji Mkongwe, paneli za swichi za boti za faiba, pampu zilizofichwa ngamani, chini kabisa ya boti, meno mimi nayaweka nambari tatu. Kwanza natazama kimo, yaani urefu wa kutoka kichwa cha skrubu hadi mgongo wa racheti, biti (ile ncha inayoingia kwenye skrubu) ikiwa ndani yake. Pili natazama biti inavyokaa kwenye kichwa cha skrubu. Racheti ya meno 120 isiyoingia kwenye nafasi ni pambo la sanduku.

Nianze na kimo. Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Mwenye nyumba anataka AC, ukuta wa kuitundika ni mfupi, basi mashine inasukumwa mpaka pembeni. Kwa AC nyingi za ukutani kisanduku cha umeme kipo upande wa kulia ukiwa umeitazama, na mara nyingi huo ndio upande ulioganda na ukuta. Skrubu inayotazama ukuta huo inakuachia labda sentimita tano. Bisibisi fupi kabisa, ile ya kibonge, na kiganja chako juu yake, haiingii hapo.

Racheti ya kawaida ya mraba wa robo inchi, ile ya kuvalishwa soketi, nayo usiitegemee sana. Kichwa chake peke yake kinafika sentimita mbili na zaidi, ukiongeza soketi ya kushikia biti, halafu na biti yenyewe ikichomoza, unakaribia sita. Racheti inayoshika biti moja kwa moja, bila soketi, ni mambo mengine kabisa. Biti fupi za kawaida zina urefu wa milimita 25, na sehemu ya biti inazama ndani ya kichwa, kwa hiyo jumla unabaki na sentimita tatu hivi. Ipo aina ninayoipenda zaidi, mfano wa spana ya ringi yenye racheti: tundu lake la robo inchi, sawa na milimita 6.35, limetoboka upande hadi upande, na biti inapita katikati. Hapo kimo cha kifaa kinakuwa sawa na urefu wa biti na si zaidi. Kugeuza mwelekeo unaipindua tu juu chini. Udhaifu wake ni kwamba biti zikilegea zinadondoka, kwa hiyo chagua yenye kipete cha kuzishika.

Kupima hakuhitaji rula. Chomoa chelewa moja kwenye ufagio, isimamishe juu ya kichwa cha skrubu, ivunje pale inapogusa ukuta. Nenda nayo dukani. Omba biti itiwe ndani ya racheti, weka chelewa ubavuni, na uache nafasi ya ncha ya kidole gumba juu yake. Muuzaji atakucheka, acha acheke. Angalia pia kama skrubu imezama ndani ya shimo la plastiki. Ikiwa imezama utahitaji biti ya milimita 50, na hesabu yote ya kimo unaianza upya.

Kwa AC, kabla ya racheti kugusa kitu, zima swichi kuu, si rimoti. Vifaa hivi ni chuma kitupu, havina kinga ya umeme, na kapasita za mashine hubaki na chaji hata umeme ukishakatwa.

Sasa turudi kwa biti. Nyota ya kawaida, yaani tundu la msalaba kichwani mwa skrubu, ile yenye jina la Mmarekani Henry Phillips, ina kuta zenye mteremko. Ukizungusha kwa nguvu, mteremko ule unaisukuma biti itoke nje, na hapo ndipo kichwa kinapoliwa. Bisibisi ya mkono unaibana kwa uzito wa bega. Racheti huwezi, maana nguvu inatoka ubavuni, mpini unavuta na biti inalala upande. Kinachoirudisha ni kidole gumba kilichokandamiza mgongo wa kichwa. Ndiyo maana nataka mgongo ulio bapa. Racheti nyingi za bei rahisi zimewekwa kitufe cha kugeuzia hapo hapo kwenye mgongo, ukikandamiza unakigeuza bila kujua, na kidole kinauma. Bora kitufe kiwe ubavuni, au mgongoni kuwe na gurudumu lenye mikwaruzo, ambalo nitalifikia.

Kisha kuna nyota ambazo si nyota moja. Kwenye mashine za Kijapani, na boti zetu nyingi zinasukumwa na injini za Yamaha, utakuta skrubu za nyota ya Kijapani, aghalabu zina nukta ndogo iliyogongwa kichwani. Biti ya Phillips haizami mpaka chini kwenye tundu hilo, inaning'inia juu juu, na ukisikia imeruka mara moja basi ujue kichwa kimeshaanza kufa. Biti za vipimo vya Kijapani, kama za kampuni ya Vessel, zinakaa vizuri kote kuwili. Skrubu za vifaa vya umeme na fanicha za Ulaya nazo zina mistari minne myembamba katikati ya mikono ya nyota. Hizo ni Pozidriv, zina biti yake. Mtu akiniambia racheti yake mbovu, jambo la kwanza ninaloliomba ni kuiona biti. Mara nyingi racheti haina kosa.

Haya, meno. Meno 72 maana yake kila jino ni nyuzi 5 za mzunguko. Kwa mpini wa sentimita 10, ncha yake inahitaji kusogea milimita 9 tu ili kukamata jino linalofuata. Meno 24 ni nyuzi 15, na ncha inasogea milimita 26. Ukitumia spana ya alen iliyopinda, pembe sita, lazima uende nyuzi 60 kila mara ndipo uichomoe na kuirudisha. Kwa hiyo pale ambapo mpini una ukuta huku na bomba kule, meno mengi yanakuokoa. Pale ambapo mpini una uwanja ila juu hakuna nafasi, na AC nyingi ziko hivyo, meno 36 yanatosha kabisa. Tena meno madogo hayapendi mchanga. Punje moja ya mchanga wa Nungwi ikiingia kati, racheti inaanza kuteleza, na grisi nzito inazidisha maradhi kwa sababu kile kidude kinachong'ata meno kinagandiana.

Jambo ambalo halimo kwenye maelezo ya paketi ni uzito wa kurudi nyuma. Skrubu ikishalegea, haina tena mkazo wa kuizuia biti. Unarudisha mpini, na skrubu inarudi nayo, unakwenda mbele na nyuma kama mtu anayekoroga uji huku skrubu haitoki. Racheti nzuri inarudi laini. Dukani shika biti kwa vidole viwili, bila kubana, urudishe mpini. Biti ikizunguka na mpini, racheti hiyo irudishe kabatini. Hapo ndipo lile gurudumu la mgongoni lina faida: ukishalegeza kwa mpini, unamalizia kwa kuzungusha gurudumu kwa kidole.

Kwenye boti nguvu nayo ni suala. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa ndani ya alumini na maji ya chumvi yakapita, alumini inaliwa na unga mweupe unajaa kwenye nyuzi za skrubu. Racheti ndogo haikuumbwa kwa ugomvi huo. Ukivuta kwa nguvu ya kilo tatu kwenye mpini wa sentimita 10 umeshafika nyutoni mita 3, na hicho ndicho kiasi cha skrubu ya milimita 4. Mpini mfupi ni kinga. Ukiuongezea bomba unavunja meno ya racheti au shingo ya skrubu, na kutoa shingo iliyovunjikia ndani ya alumini ni kazi ya siku nyingine na bei nyingine. Tia mafuta ya kupenya, subiri, pasha moto kidogo kama hakuna petroli karibu, jaribu kukaza kwanza kisha kulegeza. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kugandana.

Klampu za mipira ya pampu za ngamani usizifungue kwa bisibisi bapa kabisa. Kichwa chake kina pembe sita, kwa kawaida milimita 7, nyingine 8. Soketi fupi ya saizi hiyo kwenye racheti ndogo inakamata kote, wala haikurukii mkononi ukiwa umelala kifudifudi na mkono umezama mpaka begani.

Usitegemee sumaku huko. Skrubu nzuri za boti hazishikwi na sumaku au zinashikwa kwa shida, kwa hiyo weka tone la grisi nzito kwenye ncha ya biti, skrubu itabaki hapo mpaka uifikishe kwenye tundu. Na biti zenye sumaku usiziache juu ya paneli karibu na dira. Nahodha akiona dira imepotoka atakutafuta wewe kwanza, na atakuwa na haki.

Upepo wa bahari unaziweka biti nyeusi kutu haraka. Nikitoka botini nasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, nakausha, napaka mafuta ya cherehani, matone mawili ndani ya kichwa cha racheti na kitambaa chenye mafuta kwenye biti. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda na kunata. Ukihitaji biti fupi zaidi, ikate kwa grenda upande wa nyuma, ule usioingia kwenye skrubu, kidogo kidogo huku unaichovya majini. Ikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umekwisha.

Kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua racheti ya bei ya kawaida inayoshika biti moja kwa moja, yenye mgongo bapa na inayorudi laini, kisha tupa biti zilizokuja nayo na uweke pesa iliyobaki kwenye biti tatu nzuri: nyota nambari 2, nyota ya Kijapani nambari 2, na Pozidriv nambari 2. Kampuni za Wera na PB Swiss zina racheti nzuri mno za aina hii, ila bei yake inakuwa na maana kwa anayefanya kazi hii kila siku.