Mtoto kaharisha mkiwa likizo Zanzibar? Usisubiri boti ya kurudi

Likizo ya mwezi wa sita na ile ya mwezi wa kumi na mbili zikikaribia kuisha, sisi wauguzi wa watoto hapa Dar tunajua kabisa Jumapili jioni itakuwaje. Familia zinashuka bandarini zimetoka Unguja, wengine hata nyumbani hawajapita, wanaingia na mabegi yao bado yana mchanga na mtoto kalala begani halii tena. Ukiuliza kaanza lini unaambiwa tangu Ijumaa. Ijumaa jamani! Nimeyaweka hapa maswali ambayo wazazi wanatuuliza kila mara, nawajibu nyie mnaopanga safari sasa hivi, msome kabla hamjakata tiketi.

Kuharisha ni nini hasa, maana mwanangu choo chake huwa laini tu

Ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kichanga anayenyonya maziwa ya mama tu choo chake huwa laini, hiyo ni kawaida, ila kikibadilika ghafla kikawa maji na mara nyingi kuliko alivyozoea ujue anaharisha. Mtoto hauawi na choo chenyewe, anauawa na maji na chumvi zinazotoka mwilini bila kurudishwa. Shika hilo, mengine yote yanatokana na hapo.

Alitapika kwenye boti, si ni mawimbi tu?

Inawezekana, hasa kipindi cha kusi, bahari inachafuka mpaka watu wazima wanalala chini. Lakini kichefuchefu cha boti kinaisha mkishashuka, baada ya muda mtoto anaomba kula na anacheza. Sasa mmefika saa tatu asubuhi, jioni bado anatapika, na wewe bado unasema ni boti! Hiyo siyo boti tena.

Alafu kuna hii tabia ya kumpa mtoto dawa ya mafua au ya kikohozi ili alale safari nzima. Acheni. Zile dawa zinazoleta usingizi zinaweza kumpunguzia mtoto mdogo pumzi, na promethazini, mojawapo ya dawa hizo, haitakiwi kabisa kwa mtoto chini ya miaka 2.

Kaanza kuharisha Ijumaa na tunarudi Jumapili, siwezi kumvumilisha tu akatibiwe nyumbani?

Hapana. Swali hili ndo limenifanya niandike yote haya kwa hiyo narudia, hapana.

Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja ya maji ashafika kwenye hatari kubwa, na lita moja kwa mtoto anayeharisha na kutapika inaweza kutoka ndani ya siku moja. Toka Ijumaa mpaka Jumapili ni siku mbili. Ongeza safari ya kutoka Nungwi au Paje mpaka mjini, kukaa bandarini kusubiri, boti karibu saa mbili, foleni za Dar, ndo mfike kwetu. Muda wote huo anatoa maji, na nyie wazazi wote wawili mnatazama saa mkiamini kwamba mkishafika Dar yameisha. Mishipa ya mtoto aliyeishiwa maji inajificha, tunatafuta pa kuweka dripu mkono huu na ule, mguu, mpaka kichwani, dakika zinakwenda. Huyo huyo angepewa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, Ijumaa ile ile huenda asingehitaji dripu.

Nitajuaje kwamba kaishiwa maji?

Mwangalie macho, yamezama? Mdomo na ulimi vimekauka? Akilia machozi hayatoki? Pampasi kavu kwa saa sita na zaidi? Utosi wa kichanga umebonyea? Anagombania kikombe kwa kiu, au ndo kinyume chake, kalegea hata kunywa hawezi? Bana ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu kwa vidole viwili kisha achia. Inatakiwa irudi hapo hapo. Ikirudi taratibu zaidi ya sekunde mbili huyo mtoto yupo kwenye hatari kubwa.

Kuna mama mmoja alikuja na wa mwaka na kitu, nikabana ngozi ya tumbo la yule mtoto, ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mkononi mama kashika chupa ya soda ya machungwa, imefika nusu, akaniambia "dada, amekunywa vizuri tu tangu asubuhi". Alikuwa anampa kwa upendo kabisa, hakuna aliyemwambia kwamba soda ina sukari nyingi mno na sukari hiyo inavuta maji kuingia tumboni, mtoto anaharisha zaidi.

Na damu kwenye choo, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, au kuharisha kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, hapo usianze kuangalia dalili moja moja. Tafuta gari uende.

Mimi huwa natembea na flajili, nikimpa mapema si inakata?

Haikati. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na flajili haiui virusi. Unachopata ni mtoto mwenye kichefuchefu zaidi na wewe mzazi uliyetulia ukidhani umeshatibu, na huku kutulia ndo kunakokula zile siku mbili. Antibayotiki zina kazi yake, mfano choo chenye damu, lakini aamue aliyempima mtoto, siyo ile chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana kwa ajili ya kaka yake. Na vidonge vya kufunga choo wanavyomeza watu wazima wakiwa safarini usimpe mtoto kabisa.

ORS si najua kuchanganya, inahitaji maelezo gani?

Inahitaji sana maana wengi wanakosea. Nimeona pakiti nzima imemwagwa kwenye kikombe cha chai. Hiyo ni chumvi kali, inaweza kumuumiza mtoto. Soma pakiti yako, zile za kawaida ni za lita moja ya maji safi na salama. Ukiwa hotelini chukua chupa mbili za nusu lita ambazo hazijafunguliwa, mimina zote kwenye jagi safi, weka pakiti nzima, koroga mpaka iyeyuke. Usiongeze sukari, usiichemshe ikishachanganywa, na ikipita saa 24 mwaga utengeneze nyingine.

Chini ya miaka 2 mpe mililita 50 mpaka 100 kila baada ya choo cha kuharisha, yaani robo mpaka nusu kikombe, mwenye miaka 2 na kuendelea nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Mpe kwa kijiko au kikombe, siyo chupa ya kunyonya.

Kama upo mahali duka limefungwa na ORS huna, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa visiwe na mlima. Hiyo ni ya kushikilia wakati unatafuta ORS.

Na zinki, jamani, mnaisahau. Miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14, mwenye chini ya miezi sita miligramu 10, na unaendelea hata choo kikishakauka.

Kila nikimpa anatapika, sasa si bora nimwache tumbo lipumzike?

Usimwache. Subiri dakika 10 kisha uanze tena taratibu, kijiko kimoja kimoja. Inachosha, najua, utakaa kitandani na kikombe usiku kucha wenzio wako ufukweni. Lakini kinachobaki tumboni ni kingi kuliko unavyofikiri. Kama kweli hakibaki chochote, anatoa kila kinachoingia, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Maziwa ya mama hayasimamishwi hata siku moja. Chakula naye apewe, uji, wali laini, ndizi, viazi, supu, kidogo kidogo mara nyingi. Hii ya kumfungisha mtoto anayeharisha sijui tumeirithi wapi, inamdhoofisha bure. Madafu anaweza kunywa mtoto ambaye bado yupo vizuri, ila chumvi yake ni ndogo, hayachukui nafasi ya ORS.

Tumeshalipia hoteli, na hata hospitali za huko siijui hata moja

Hoteli mmelipia, sawa, mtoto mkishamtibu mnarudi chumbani kwenu. Hospitali zipo. Mjini kuna Mnazi Mmoja, kaskazini kuna Kivunge ambayo ipo karibu zaidi na mtu aliye Nungwi kuliko kukimbilia mjini, na ukiwa Paje au Jambiani kuna Makunduchi. Waendao Pemba kuna Chake Chake, Wete, na Abdulla Mzee kule Mkoani. Vituo vya afya vidogo vipo vijijini pia, na kumwanzishia mtoto ORS hawahitaji mashine yoyote.

Suala la bima ulizia kabla ya kuondoka, piga simu waulize kadi yenu inakubalika wapi upande wa Zanzibar. Isipokubalika wekeni pembeni hela ya matibabu na ya gari, na msiiguse kwa ajili ya kwenda kuona pomboo. Siku ya kwanza tu mkishafika muulize mtu wa mapokezi, mtoto akiugua saa nane usiku tunaenda wapi na nani anatupeleka? Swali la dakika mbili.

Kwa hiyo mtoto asile chakula cha barabarani pale Forodhani?

Ale, kwa nini asile. Mishkaki au samaki aliyechomwa mbele yako akatoka jikoni wa moto, mpe. Kinachoniogopesha mimi ni juisi ya miwa yenye barafu usiyojua maji yake, matunda yaliyokatwa tangu mchana, kachumbari na chatine zilizokaa wazi, na ule wali wa bufee wa hotelini uliokaa saa nyingi ukawa vuguvugu. Watu wanaogopa chakula cha barabarani wanaamini bufee kwa sababu ina vitambaa vyeupe! Angalia joto la chakula. Na mikono ioshwe kwa sabuni, maji ya bahari hayahesabiki.

Wangu anakunywa maziwa ya kopo

Basi wewe nisikilize vizuri zaidi. Chupa inakorogwa nyumbani Dar saa kumi na mbili asubuhi ili muwahi boti, inakaa kwenye begi, inanyonywa kidogo, inarudishwa, saa saba mchana mpo ufukweni bado mtoto anapewa ile ile. Maziwa yakishakorogwa yakikaa nje saa mbili ni ya kumwaga, na kama mtoto ameshaanza kunyonya yakabaki, mwaga pia. Beba unga mkavu umeupima, na maji ya moto kwenye chupa ya chai, ukoroge pale pale. Chupa na chuchu zichemshwe, omba jikoni hotelini, hawakatai.

Lakini alichanjwa chanjo ya kuhara

Vizuri sana, chanjo ya rota ipo nchini tangu 2013 na imesaidia mno. Inamkinga na virusi vya rota, haimkingi na vyote. Kwa hiyo akiharisha ni ORS vile vile na usisubiri boti vile vile.

Akipata homa je? Nasikia Zanzibar hakuna malaria

Imeshushwa sana, kwa miaka mingi watu wanaokutwa nayo wamekuwa chini ya asilimia 1, lakini haijaisha. Kingine watu hawakifikirii, mtoto mmemtoa wapi? Malaria inachukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu mpaka homa ianze, kwa hiyo mtoto aliyetoka kwa bibi yake Lindi au Kigoma wiki iliyopita, akapata homa siku ya pili mkiwa Kendwa, anaweza kuwa ameibeba kutoka huko. Homa ni kipimo, siku hiyo hiyo. Siyo "ni jua", siyo "ni meno". Na kichanga chini ya miezi mitatu akifika nyuzi 38 mpeleke mara moja hata kama ananyonya.

Bahari na jua sina mengi, kivuli kuanzia saa nne mpaka saa kumi, maji ya kunywa kila wakati, na mtoto akiwa majini awe na mtu mzima mmoja ambaye hana simu mkononi.

Nibebe nini basi?

Pakiti za ORS tano au sita, zinki, paracetamol ya maji na sirinji yake ya kupimia, kipimajoto, dawa ya kupaka ya mbu, sabuni, kadi ya kliniki. Mpime mtoto uzito wiki hiyo mnayoondoka uandike kwenye simu, dozi nyingi zinategemea kilo na daktari wa kule atakuuliza. Hivi vyote viwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye sanduku kubwa linalokwenda kuwekwa na mizigo mingine.

Tumesharudi na kapona, kuna la kufanya?

Malizia zinki mpaka siku zitimie, na mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili arudishe kilo zake. Kuharisha kukirudi au kukifika siku 14 mlete. Akipata homa wiki chache baada ya safari mlete pia siku hiyo hiyo, na useme mlikuwa wapi na lini bila kusubiri kuulizwa.