Waliokutana saa sita: jua lilichomoza saa ngapi?

Ninafundisha hisabati hapa Kampala, na kuna fumbo moja ambalo kila mwaka huwapa wanafunzi kabla hatujagusa milinganyo. Si langu. Vladimir Arnold, mwanahisabati Mrusi (1937–2010), alipewa na mwalimu wake angali mvulana wa shule, akalihangaikia siku nzima. Mimi pia lilinikamata, na hadi leo halijaniachia.

Bibi wawili wanaondoka alfajiri, jua linapochomoza tu, kila mmoja kwa mwendo wake usiobadilika. Wa kwanza anatoka kijiji A kwenda B, wa pili anatoka B kwenda A, njia ni ileile. Wanakutana saa sita kamili mchana, wanasalimiana huku wanatembea. Wa kwanza anafika B saa kumi jioni. Wa pili anafika A saa tatu usiku. Jua lilichomoza saa ngapi?

Wengi hukimbilia kuuliza umbali. Hautajwi, wala hauhitajiki. Tazama kipande cha njia kati ya A na mahali walipokutana. Bibi wa kwanza alikitembea tangu jua lichomoze hadi saa sita; tuuite muda huo m. Bibi wa pili alikitembea kwa saa 9. Sasa kipande cha upande wa B: bibi wa pili alikimaliza kwa muda uleule m, na wa kwanza akatumia saa 4. Kwa kuwa hakuna aliyebadilisha mwendo, uwiano wa nyakati zao ni mmoja katika vipande vyote viwili: m kwa 9 ni sawa na 4 kwa m. Basi m mara m ni 36, na m ni saa 6. Jua lilichomoza saa kumi na mbili asubuhi.

Muhula uliopita, kabla sijamaliza kuandika fumbo ubaoni, msichana wa dawati la nyuma alisema, "Mwalimu, ni saa kumi na mbili. Si wamekutana saa sita?"

Jibu lilikuwa sahihi, na nilisimama na chaki mkononi nikilifikiria. Sisi tunahesabu saa tangu kucha, na Waganda vilevile: adhuhuri kwao ni ssaawa mukaaga, saa ya sita. Lugha yenyewe inakwambia kwamba saa sita zimepita tangu jua litoke. Mrusi hasaidiwi hivyo na saa yake, maana kwake jua la Desemba na la Juni huchomoza kwa nyakati zinazopishana mno.

Lakini jina la saa si uthibitisho. Nikambadilishia namba: wa kwanza afike saa nane mchana, wa pili saa mbili usiku. Mbili mara nane ni 16, m ni saa 4, na jua limechomoza saa mbili asubuhi. Huko kwenye majira ya baridi yanawezekana. Kwetu kwenye ikweta hayawezekani, maana mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima.

Akaniuliza swali lililonifurahisha kuliko jibu: mbona saa kumi na mbili asubuhi Kampala bado ni giza? Kweli. Saa za Uganda zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Kampala iko kwenye nyuzi 32 na nusu hivi. Jua hutumia dakika 4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo hutufikia dakika 50 baadaye. Ongeza mabadiliko madogo ya mwaka, utakuta hapa linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Kwa saa ya ukutani ya Kampala, wale bibi wawili wangekuwa wameondoka gizani!

Kesho yake alikuja na fumbo lake, limeandikwa kwa penseli nyuma ya daftari. Wanakutana saa sita mchana kwa saa ya ukutani, Kampala. Mmoja anafika saa nane na nusu mchana, mwingine saa nne usiku. Jua lilichomoza saa ngapi, na ni mwezi gani? Nilipiga hesabu nikapata saa moja kamili asubuhi. Mwezi ilinibidi niutafute kwenye majedwali ya jua: Februari, katikati yake.