Kilimanjaro haikuwa na mfalme mmoja

Kazi yangu ni kuzisaidia familia za Kilimanjaro kuandika historia za koo zao. Watu huja na daftari, picha ya babu mwenye koti la kaki, na ombi lilelile: nianzie kwa mfalme wa kwanza wa Wachagga, kisha niteremke hadi kwao. Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Sasa naliandika, pamoja na dhana nyingine potofu ninazokutana nazo, ili anayekuja asome kwanza, ndipo tukae tuzungumze.

Dhana: Wachagga walikuwa kabila moja chini ya mangi (mtawala) mmoja, Wajerumani wakaja wakawavunja.

Hakuna kipande cha sentensi hiyo kinachosimama. Miaka ya 1880, ukitembea kutoka Siha upande wa magharibi hadi Usseri kule Rombo, ungekatisha nchi zaidi ya 20. Kila moja ilikuwa na mangi wake, njama yake (baraza la washauri), wapiganaji wake na kumbukumbu za vita na jirani. Mara nyingi mpaka ulikuwa korongo. Mito inayoshuka kutoka msituni imechimba mabonde ya kina kirefu, na aliyeishi mgongo huu alivuka kwenda mgongo ule kwa shughuli maalumu: soko, kuoa, kupigana. Hata leo mzee wa Machame na mzee wa Rombo, kila mmoja akikazania lugha ya nyumbani kwao, dakika chache tu wataishia kwenye Kiswahili.

Koo zenyewe hazikutoka tumbo moja. Waulize wazee watakusimulia: hawa wametoka Ukambani, wale Taita, wengine Usambara, wengine Upareni, na wapo wanaotaja Umaasaini. Walipanda mlima kwa nyakati tofauti, wakafyeka msitu, wakachimba mfongo (mfereji wa maji), wakaweka kihamba (shamba la ukoo). Mangi alikuja baadaye, na koo nyingine zilimkubali kwa shingo upande.

Mmisionari wa Kijerumani Johannes Rebmann alilijua jambo hili mwaka 1848. Alipokewa Kilema na Mangi Masaki. Alipokwenda Machame alimkuta mangi mwingine, Mamkinga, na habari za zawadi na ruhusa zikaanza upya tangu mwanzo. Heshima aliyopewa Kilema haikumpa chochote Machame.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dhana hii inawafuta wanasiasa wakubwa ambao mlima huu uliwazaa. Mtazame Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Nchi yake haikuwa kubwa. Jirani yake, Sina wa Kibosho, alikuwa na askari wengi na ngome ya mawe. Rindi alijua kuwa hawezi kumshinda Sina kwa mikuki peke yake, akatafuta nguvu nje: aliwakaribisha wafanyabiashara wa pwani, wamisionari, Waingereza, kisha Wajerumani, na kila mgeni akaondoka akidhani yeye ndiye rafiki wa pekee. Mwaka 1885 aliweka mkataba na Karl Jühlke, mjumbe wa Wajerumani. Februari 1891 Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipoishambulia Kibosho, watu wa Moshi walikuwa upande wake. Je, Rindi aliwauza Wachagga? Hakuwa mangi wa Wachagga. Alikuwa mangi wa Moshi, na siku ile adui wa Moshi alikuwa Kibosho.

Rindi alifariki mwaka huohuo, akarithiwa na mwanawe Meli. Kituo cha Wajerumani kilikuwa kimehamishiwa Marangu kwa Mangi Marealle, hasimu wa Moshi. Mwaka 1892 Meli alipigana na jeshi la Wajerumani na kulishinda, kamanda wao von Bülow akauawa. Mwaka uliofuata walirudi na nguvu kubwa zaidi chini ya Gavana von Schele, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Moshi pamoja na wengine, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Jumla walikuwa 19. Mabaki ya baadhi yao yalichukuliwa kwenda Ujerumani, na jamaa bado wanadai yarudi. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba mjini Berlin viliwapata wazao wa mmoja wa wazee waliouawa enzi hizo. Fuvu la Meli bado linatafutwa.

Hapo ndipo vijana huniuliza, kwa sauti ya juu, nani alikuwa msaliti. Wanataka nimtaje Marealle nifunge daftari. Siwezi. Ni kweli kwamba alijiweka karibu na Kapteni Kurt Johannes wa jeshi la Wajerumani, akapata faida kubwa, na kwa muda mkono wake ukafika hadi Rombo. Watu wa Rombo wana haki ya kulikumbuka hilo kwa uchungu. Lakini kumhukumu kwa kuusaliti umoja ambao haukuwepo ni kumdai deni ambalo hakukopa. Mhukumu kwa aliyowatendea majirani zake. Inatosha.

Umoja wenyewe ulikuja lini, basi? Ulikuja na kahawa. Wamisionari wa Kikatoliki waliileta mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita vya Kwanza, ofisa wa Kiingereza Charles Dundas aliwahimiza wenyeji waipande kwenye vihamba. Walowezi walipiga kelele wakitaka Mwafrika azuiwe, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kahawa, KNPA, kujilinda, Joseph Merinyo akiwa mbele. Hapo kwa mara ya kwanza mtu wa Machame na mtu wa Rombo walikuwa na adui mmoja, mzani mmoja na bei moja. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama cha ushirika kilichochukua nafasi yake. Mwaka 1946 serikali iliweka wamangi wakuu watatu: Hai, Vunjo na Rombo. Kisha chama cha raia kilichoongozwa na Petro Njau kikadai kiongozi mmoja wa mlima mzima, na mwaka 1952 Thomas Marealle, mjukuu wa yule wa Marangu, akatawazwa Mangi Mkuu. Alipigiwa kura. Huyo ndiye Mangi Mkuu wa kwanza wa mlima mzima, na wazee wanaokumbuka sherehe zake bado tunao.

Kwa hiyo ukienda kumhoji bibi, usimuulize kuhusu kabila. Muulize mfongo wenu ni upi, nani aliuchimba, na zamu yenu ya maji ilikuwa siku gani. Muulize kihamba kilipatikana kwa nani, nani amezikwa humo, na nani alikuwa mchili (mkuu) wa mtaa. Muulize walikimbilia wapi vita ilipokuja. Majibu ya maswali hayo yanajaza daftari. Swali la kabila hujibiwa kwa neno moja, na mazungumzo yakaishia hapo.

Dhana: Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaiser Wilhelm II, siku ya kuzaliwa.

Waongoza watalii, nawaomba muiache hadithi hii. Mpaka ulikubaliwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886. Wilhelm II aliingia madarakani mwaka 1888. Mstari ulizunguka mlima kwa sababu Wajerumani walikuwa na ule mkataba wa Rindi mkononi, na Waingereza walichokitaka zaidi ni Mombasa na njia ya kwenda Ziwa Viktoria. Hadithi ya zawadi inamwondoa Rindi kwenye historia ya nchi yake na kumweka bibi wa London. Na nyie hao mnawalaza wageni kibanda cha Mandara, kesho yake Horombo, bila kuwaambia kuwa hayo ni majina ya wamangi: mmoja wa Moshi, mwingine wa Keni kule Rombo, ambaye kabla ya wazungu aliwatiisha majirani wengi wa upande wa mashariki.

Dhana: Mifongo ilichimbwa na Wajerumani.

Wasafiri wa Ulaya waliikuta inatiririka. Banio, yaani kizuizi kinachoyageuza maji ya mto, liko juu kabisa, karibu na msitu, limejengwa kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba. Kutoka hapo mfereji unashikilia ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo sana: ukizidi unakata udongo, ukipungua maji yanasimama. Penye genge, maji yalivushwa kwa magogo yaliyochongwa katikati. Usiku yanajaa kwenye nduwa (bwawa dogo), alfajiri mwenye zamu anafungua. Ukoo uliochimba ndio uliokuwa na kauli, na asiyejitokeza siku ya kusafisha alinyimwa maji au alitozwa pombe. Mambo hayo yote yalifanyika bila injinia wa serikali.

Dhana: Watu wa mlimani walijifungia, hawakujua dunia.

Misafara ya Pangani na Mombasa ilipita ikitafuta pembe za ndovu, chakula na, kwa aibu yetu, watumwa, ambao baadhi ya wamangi waliwauza wenyewe. Chuma kilitoka Ugweno. Masoko ya wanawake yaliendelea hata nchi zao zilipokuwa vitani.

Dhana: Mji wa Moshi ndio yaliyokuwa makao ya Rindi.

Hapana. Makao yake yako juu, Old Moshi. Mji wa chini ulikua baada ya reli ya Tanga kufika mwaka 1911, ukachukua jina.

Dhana: KNCU ilipendwa na wote tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1937 wakulima waliokasirishwa na sheria ya kulazimishwa kuuza kahawa yao huko waliyavamia majengo ya vyama vya msingi. Babu zenu walijua kugoma dhidi ya chama chao wenyewe. Liandikeni na hilo.

Dhana: Nyerere alifuta umangi kwa sababu aliwachukia Wachagga.

Sheria ya 1963 iliwaondoa machifu nchi nzima, akiwemo Edward Wanzagi wa Wazanaki, ndugu yake Nyerere mwenyewe. Na kule mlimani cheo cha Mangi Mkuu kilikuwa kimeshaondoka. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura wakakikataa, wakataka rais wa Wachagga wa kuchaguliwa badala yake, na wakamchagua Solomon Eliufoo.