Maji yaliyokingwa ni yapi? Boti ya pantoni na uvuvi katika Ghuba ya Tanga

Boti ya pantoni ni sakafu bapa iliyokaa juu ya mapipa marefu ya alumini, mawili au matatu, yaliyozibwa kabisa ili yaelee. Hapa sizungumzii kivuko cha Pangani na Bweni, bali chombo kidogo chenye viti, turubai la kivuli na injini ya kupachika nyuma. Ilibuniwa kwa ajili ya maziwa na mito. Sakafu yake imetulia, mtu anasimama akatupa mshipi bila kuyumba, na mzee au mtoto anapanda bila kushikwa mkono. Baharini pia inavua vizuri, mradi ibaki katika maji yaliyokingwa.

Maji yaliyokingwa ni yale ambayo nchi kavu, kisiwa au mwamba unayazuilia mawimbi ya bahari kuu. Viwango vya kimataifa hugawa vyombo vidogo katika madaraja manne, A hadi D. Chombo cha D kimekusudiwa upepo usiozidi nguvu ya 4 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kama sentimita 30. Cha C kinafika nguvu ya 6 na mawimbi ya mita 2. Itafute herufi hiyo kwenye kibao cha mtengenezaji, palipoandikwa idadi ya watu na uzito. Sasa sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa angalizo kwa ukanda wa pwani: mara nyingi utasikia upepo wa kilomita 40 kwa saa, ambao ni nguvu ya 6, na mawimbi ya mita 2. Huo ndio ukingo wenyewe wa daraja C, na kwa chombo cha D ni mbali mno. Kwa maoni yangu hata pantoni ya C isingoje kufika hapo.

Sababu iko kwenye umbo. Ngalawa ina mwili mmoja unaopasua wimbi, na matengo yake ya pembeni yanaushikilia usipinduke. Pantoni haina mwili wa kati. Omo yake, yaani sehemu ya mbele, ni bapa na iko karibu na maji, na mapipa yenyewe mara nyingi hayazidi sana kipenyo cha sentimita 60. Likija wimbi fupi lililosimama wima, ncha za mapipa huchimba, maji hupanda sakafuni, uzito unahamia mbele, na wimbi linalofuata linaikuta omo imeshainama. Watu wakikimbilia mbele kutazama, mambo huwa mabaya zaidi. Kupunguza mwendo ghafla nako huishusha omo. Anayejikuta humo awarudishe watu katikati na nyuma, ayapokee mawimbi kwa pembe badala ya kuyakabili usoni, na apunguze mwendo taratibu.

Mawimbi ya namna hiyo Tanga huyapati kila mahali. Ndani ya ghuba, karibu na Kisiwa cha Toten, asubuhi ya tangambili, majira ya kati ya kusi na kaskazi, maji yanaweza kutulia kabisa. Hatari iko kwenye mdomo wa ghuba, kuelekea Kisiwa cha Ulenge. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua (maji makubwa), ghuba yote hutoka kuelekea mashariki. Upepo wa kusi au matlai ukiwa unaingia kutoka nje, mkondo na upepo hugongana na wimbi husimama. Mahali ulipopita saa mbili asubuhi maji yakijaa panaweza kuwa pengine kabisa saa saba mchana maji yakikupwa, ingawa anga ni ileile na jua linawaka. Kwa hiyo mpaka wa maji yaliyokingwa husogea kwa saa. Najua nguru wako nje na changu wa ndani ni wadogo, lakini nguru ni wa mashua na faiba zenye omo ndefu. Waulize wavuvi wa mialo ya Sahare au Deep Sea kabla ya kushusha chombo. Wao wanaujua mdomo ule kwa majira yake.

Turubai la kivuli likunjwe upepo ukianza. Chombo bapa chenye turubai husukumwa ubavu kwa urahisi, na injini ikizima kitakwenda kwenye mwamba au mikoko. Hapo nanga ndiyo breki, nayo hufungwa omo, kamwe si tezi, yaani nyuma. Urefu wa kamba uhesabiwe kwa maji yatakayokuwapo baadaye: ukitia nanga penye mita 4 na maji yakaja kupanda mita 3, kamba ya mara tano ya kina si mita 20 tena, ni 35. Jaketi okozi zivaliwe, na redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, iwe chaneli 16, ya wito na dharura. Visiwa vya Yambe na Karange viko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, hivyo ulizia utaratibu wa uvuvi kwanza, na usidondoshe nanga juu ya matumbawe.

Kisha kuna chumvi, ambayo haiui siku hiyohiyo. Alumini ikikaa kwenye maji ya chumvi pamoja na metali nyingine huliwa yenyewe, ndiyo maana hufungwa vipande vya zinki ili viliwe badala yake. Vya magnesi ni vya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Baharini huisha upesi. Rangi ya chini yenye shaba isiguse mapipa hata kidogo, kwa kuwa shaba huitoboa alumini. Kila ukirudi, osha chombo chote kwa maji baridi na pitisha maji hayo ndani ya injini. Halafu kitazame kikiwa kimeelea bila mtu: upande mmoja ukikaa chini kuliko mwingine, pipa limeingia maji, na hakiendi popote hadi tundu lipatikane.