Misumari Yenye Kutu Haiiponyi Iksora
Iksora ni kichaka cha maua, jamaa wa mbuni (mti wa kahawa), na wapenda bustani wengi huamini kwamba majani yake yakigeuka manjano, dawa ni kufukia misumari yenye kutu shinani. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani mmea umekosa chuma. Tazama jani changa kwa karibu: limepauka, ila mishipa yake bado ya kijani. Lakini mara nyingi chuma kimo tele udongoni, kimefungwa tu na chokaa, hasa mmea ukipandwa kando ya ukuta wa saruji. Kutu haiyeyuki katika udongo wa namna hiyo. Misumari itaishia kuchoma miguu. Iksora hupenda udongo wenye asidi kiasi. Changanya salfa udongoni taratibu ili kuongeza asidi, au nyunyizia majani chuma kilichokwisha kuyeyushwa.