"Powersave" haimaanishi prosesa imefungwa kasi ya chini

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mafundi wa seva: ukiona neno powersave (mpangilio wa kasi ya prosesa) kwenye Linux, seva yako inatambaa, ibadilishe mara moja iwe performance, mpangilio wa kasi ya juu. Ushauri huo una ukweli nusu, na nusu iliyobaki inawapotosha wengi.

Kinachoamua ni draiva, yaani programu ya Linux inayosimamia kasi ya prosesa. Andika:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver

Ikijibu acpi-cpufreq, powersave huibana kweli prosesa kwenye kasi yake ya chini. Ikijibu intel_pstate, kasi hupanda na kushuka kufuata mzigo. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa, na si kosa lao: jina moja limepewa tabia mbili.

Pima kabla ya kugusa chochote. Endesha turbostat, zana ya kupima prosesa, seva ikiwa na mzigo wake wa kawaida, utazame safu ya Bzy_MHz, yaani kasi ya prosesa inapokuwa kazini. Ikipanda, prosesa haijafungwa. Kama maombi mafupi bado yanachelewa, fungua energy_performance_preference, faili la kuchagua kati ya kuokoa umeme na kasi, ikiwa lipo kwenye folda ileile ya scaling_driver. Ikiwa balance_power, jaribu kwanza balance_performance, kisha upime tena.

Wengine huzima kabisa usingizi wa viini vya prosesa (C-states) kwenye BIOS. Kuamka huwa haraka zaidi, ni kweli, lakini seva hula umeme na kutoa joto hata ikiwa haina kazi, na viini vyote vikikesha, kile chenye kazi huweza kukosa nafasi ya kufikia turbo, kasi ya ziada, ya juu kabisa.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyeuleta amri ile ya kwanza.