Epijenetiki: kwa nini jeni nzima inaweza kunyamaza

Seli ya ini lako na seli ya ubongo wako zina DNA ile ile, ila kila moja hutumia sehemu tu ya jeni zake na nyingine huziacha zimezimwa. Epijenetiki ni elimu ya alama za kikemikali zinazosaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, huku mpangilio wa DNA ukibaki vilevile.

Alama iliyochunguzwa zaidi ni methili, yaani atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, inayobandikwa kwenye C, mojawapo ya kemikali nne, au "herufi", ambazo mpangilio wake huunda DNA. Methili zikirundikana pale jeni inapoanza kusomwa, kwa kawaida jeni hiyo huzimika. Alama nyingine hukaa kwenye histoni, protini ambazo DNA imezizunguka kama uzi kwenye kijiti: uzi ukikazwa, jeni haisomeki, ukilegezwa, husomeka. Seli inapogawanyika, alama nyingi hunakiliwa, ndiyo maana seli ya ini huzaa seli ya ini.

Mazingira nayo huacha athari. Waholanzi waliotungwa mimba wakati wa njaa kali ya 1944 hadi 1945 walipimwa miaka 60 hivi baadaye, na jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, ilikuwa na methili chache kuliko ya ndugu zao ambao njaa hiyo haikuwakuta tumboni. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilidumu. Nawasihi wasomaji wasirukie kusema kwamba mateso ya babu yameandikwa katika mwili wa mjukuu: alama nyingi hufutwa mwanzoni mwa mimba, na ushahidi kwa binadamu bado ni haba.

Kwenye saratani ushahidi ni mzito. Jeni ya MLH1 hutengeneza protini inayorekebisha makosa ya kunakili DNA. Katika baadhi ya saratani za utumbo mpana, jeni hiyo haina hitilafu hata moja ya herufi, ila methili zimeizima. Makosa hurundikana na uvimbe hukua. Kinachonipa matumaini ni kwamba alama hizi zinaweza kuondolewa. Dawa ya azasitidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa maradhi ya uboho yanayoweza kugeuka saratani ya damu, hupunguza methili kwenye DNA, na jeni zilizozimwa zinaweza kuanza kusomwa tena.